Tuupime na upimaji wenyewe: presha, moyo na wale wasiofika kwenye hema

Jumamosi ile hema la kupima presha lilisimamishwa karibu na soko la Malaba, upande wa Uganda, hatua chache kutoka pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Niliombwa nishike daftari. Walihitaji mtu wa kuandika haraka na kuelewana na kila anayekuja, na hapa kwetu, ambapo mmoja anaanza kwa Kiteso, wa pili anajibu kwa Kijopadhola na dereva anapita na lafudhi ya Mombasa, Kiswahili ndicho kinachotukalisha meza moja.

Kati ya watu wa mwanzo alikuwepo mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa. Alifika akihema, maana hakutaka kuiacha meza yake kwa muda mrefu. Muuguzi kijana akamwambia, "Karibu mama, leta mkono," akaanza kumfunga mkanda wa mashine ya presha. Mkanda ulikuwa mdogo kwa mkono wake, ukashika kwa shida kwenye ncha tu. Mashine ikavuma, ikatoa 168 kwa 102. Muda wote huo mama alikuwa anaongea na jirani yake kuhusu bei ya gunia. Muuguzi mkubwa aliyekuwa meza ya pili akainuka. "Mama yangu, pumzika kwanza. Egemea kiti. Miguu chini, usiikunje, na tunyamaze kidogo." Akatoa mkanda mpana kwenye mkoba wake, akasubiri dakika tano, akauweka mkono wa mama juu ya meza usawa wa moyo. Mara hii mashine ikasoma 150 kwa 94.

Pointi 18 za juu zilikwenda na kiti, kimya na mkanda unaotosha. Presha bado ilikuwa juu ya 140 kwa 90, kiwango ambacho wauguzi huanzia kutilia shaka, kwa hiyo akaandikiwa karatasi ndogo: aende kituo cha afya akapimwe tena siku nyingine. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso pamoja na noti zake, akarudi sokoni.

Jioni jumla ya majina ya daftari langu ikatangazwa kwa kipaza sauti. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Baadaye, nikilipitia daftari lile nyumbani, niliona kwamba halina jibu la swali lolote ambalo daktari au waziri angepaswa kuliuliza. Liliandika waliokuja. Halikuandika wasiokuja ni wangapi, wala ni akina nani, na halikuwa na nafasi hata ya mstari mmoja kwa ajili ya kilichompata yule mama baada ya kuondoka hemani.

Makala hii inahusu hilo: upimaji wa moyo unaofanywa kwa umma tutaupimaje wenyewe, tujue kama unaokoa watu, na kama unawaokoa na wanyonge au unawaongezea nafuu wale waliokuwa nayo tayari.

Deni la anayemwita mtu asiyeumwa

Mtu akienda hospitali kwa sababu kifua kinambana, yeye ndiye aliyeomba msaada, na daktari atafanya awezalo. Upimaji wa umma ni kinyume chake. Sisi ndio tunaomfuata mtu anayeuza samaki wake bila kujisikia mgonjwa, tunamfunga mkanda, tunamwambia huenda ana tatizo. Ndiyo maana masharti yake ni makali zaidi. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni kumi za Wilson na Jungner, mmoja Mwingereza na mwingine Mswidi, ambazo hadi leo ndizo mzani wa kazi hii. Ugonjwa uwe mzito kwa jamii, kipimo kiwe kinafaa na watu wakikubali, tiba iwe ipo na inajulikana. Kanuni mbili ndizo ninazozirudia mara nyingi. Ya kwanza ni kwamba mahali pa kuthibitisha ugonjwa na pa kuutibu pawe papo kabla hujaanza kupima. Ya pili ni kwamba kutafuta wagonjwa iwe kazi ya kuendelea, isiwe tukio la mara moja likaisha.

Hema la Jumamosi moja linaanguka hapo hapo kwenye ile ya pili.

Lakini haja ipo, tena kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 uliowapima watu wazima wa Uganda wa miaka 18 hadi 69 ulikuta asilimia 26.4 wana presha ya juu. Kati yao, waliojua kwamba wanayo walikuwa asilimia 7.7. Ziweke asilimia hizo kwenye kijiji chenye watu wazima 1,000: wenye presha 264, wanaojua 20. Wengine 244 wanalima, wanabeba mizigo na kulea watoto huku mishipa yao ikiumia kimya kimya, mpaka siku mdomo unapopinda na mkono mmoja unapokataa kuinuka, na ndugu wakaanza kuuliza nani amemroga.

Utafiti huo huo unavunja dhana moja ninayoisikia kila siku, kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri wa Kampala. Mijini ilikuwa asilimia 28.9, vijijini 25.8. Kanda ya kati ilikuwa 28.5, kaskazini 23.3. Tofauti zipo, lakini ni ndogo mno kuweza kusema kijiji kimesalimika.

Kati ya wangapi?

Swali la kwanza la tathmini ni fupi, na ndilo linalorukwa na kila ripoti: umepima watu hawa kati ya wangapi?

Nikikumbuka foleni yetu ya Malaba, walijaa akina mama wa soko, walimu, watumishi wa ofisi za mpakani waliotoka mara moja na kurudi, na wazee wachache waliovaa vizuri kama wanaokwenda ibadani. Boda boda walisimama kando, wakauliza kama kuna sindano, abiria akipatikana wakaondoka. Wapagazi hawakuja kabisa, kwa sababu wanalipwa kwa gunia na gunia halisubiri. Hakuletwa hata mzee mmoja asiyeweza kutembea. Wanawake wa vijiji vya ndani walikuwa shambani, na tangazo lilipita barabarani tu.

Jambo hili si la Malaba peke yake. Popote duniani watu wanapoitwa kupimwa, wanaoitika kwa kawaida ni wenye afya bora kiasi, elimu kubwa kiasi na muda zaidi kuliko wasioitika. Hivyo ukiwalinganisha waliopimwa na wasiopimwa, ukakuta waliopimwa wanaishi miaka mingi zaidi, hujathibitisha kwamba kipimo kimewasaidia. Wangeishi zaidi hata kama hema lisingekuja. Daktari wa Wales aliyeitwa Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi kati ya wachimba makaa ya mawe, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya afya hupungua pale inapohitajika zaidi. Aliiita kanuni ya huduma iliyopinduliwa. Upimaji wa umma usiposimamiwa huifuata kanuni hiyo bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kwa hiyo anayetaka kutathmini lazima aanze na orodha ya watu wote wa eneo. Uganda hilo linawezekana. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anazijua nyumba zake, na wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, ambao mpango wao ulianza mwaka 2001, wanajua hata nani amelala kitandani nyuma ya nyumba gani. Orodha ikiwepo ndipo unaweza kusema: wanaume wa chini ya miaka 40, tumewafikia hawa na kuwakosa wale.

Ngazi zinazovuja

Tuseme sasa umemfikia mtu. Kazi ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu kati ya mkanda na moyo uliookoka kuna ngazi nyingi, na kila ngazi inamwaga watu.

Nitatoa mfano wa hesabu, namba zake nimezitunga ili jambo lionekane. Chukua kijiji cha kando ya lami na kijiji cha mlimani, kila kimoja kikiwa na watu 100 wenye presha ya juu. Lami: 70 wanapimwa, 50 wanafika kituoni kuthibitishwa, 40 wanapata dawa, 30 bado wanazimeza baada ya mwaka. Mlimani: 40 wanapimwa, 16 wanafika kituoni, 8 wanapata dawa, 3 wanaendelea baada ya mwaka.

Angalia mtu anayetaka ripoti yake ipendeze anavyoweza kuzisoma namba hizo. Kwenye kupima, tofauti kati ya vijiji ilikuwa watu 30, maana 70 toa 40. Mwisho wa mwaka ni 27, maana 30 toa 3. Atasema pengo limepungua. Mwingine atagawanya badala ya kutoa: mwanzoni mtu wa lami alikuwa na nafasi isiyofika mara mbili ya mtu wa mlimani, na mwishoni ana nafasi mara kumi. Hesabu zote mbili ni sahihi, na zinasema mambo mawili yanayopingana. Ndiyo maana ripoti ya kweli inaonyesha tofauti ya kutoa, uwiano wa kugawanya, na zile namba zenyewe ghafi, kwa kila ngazi na kwa kila kundi. Anayekuonyesha moja tu, muulize zilizobaki.

Na ngazi hizo zinavuja kwa sababu za kawaida kabisa. Malipo kwenye vituo vya serikali Uganda yaliondolewa mwaka 2001, hivyo kwa karatasi huduma ni bure. Yule mama wa mukene alilipa nauli ya boda boda kwenda na kurudi, akapoteza siku ya soko, akaambiwa dawa zimeisha, rudi wiki ijayo. Nilikutana naye miezi michache baadaye. Alikuwa amekwenda mara mbili. Sasa ananunua vidonge duka la dawa, vya siku kumi, na vikiisha anasubiri mpaka biashara ichangamke. "Siku nikiwa mzima kichwa, najua presha imeshuka," aliniambia. Hakuna aliyemweleza kwamba presha haina lugha hiyo, kwamba kichwa kinaweza kuwa chepesi na mashine ikasoma 170. Kwenye ripoti ya hema yule mama ni ushindi: alifikiwa, akagundulika, akapewa rufaa.

Hii ndiyo sababu mzigo wa moyo unawaangukia maskini hata pale wanapokuwa na vihatarishi vichache. Utafiti mmoja mkubwa wa nchi 17, Uganda haikuwamo, uliwafuatilia watu zaidi ya 156,000 na kuchapishwa mwaka 2014. Alama za hatari zilikuwa juu zaidi katika nchi tajiri. Lakini mashambulizi makubwa ya moyo, kiharusi na vifo vyake vilikuwa vingi zaidi katika nchi maskini. Tajiri ana hatari kubwa na dawa mkononi, maskini ana hatari ndogo na hana pa kuipeleka.

Alama za hatari zimetengenezwa na mioyo ya nani?

Madaktari wengi siku hizi hawaangalii presha peke yake. Wanajumlisha umri, jinsia, sigara, presha, uzito na pengine sukari na kolesteroli, wanapata makadirio: mtu huyu ana uwezekano wa asilimia ngapi kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Wazo ni zuri, kwa sababu kijana mwenye 145 na mzee mvutaji mwenye 145 hawako hatarini sawa.

Ila kila jedwali lina wazazi wake. Lile lililozaa mengi lilitoka mji wa Framingham, Marekani, ambapo utafiti ulianza mwaka 1948 kwa wakazi karibu wote weupe. Ukilitumia Moroto au visiwa vya Kalangala unakisia moyo wa mtu mmoja kwa maisha ya mwingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya kwa kanda 21 za dunia, Afrika Mashariki ikiwa na lake, na lipo toleo lisilohitaji maabara: umri, jinsia, sigara, presha na uwiano wa uzito na urefu. Kwa kituo cha afya kisicho na mashine ya kolesteroli hiyo ni nafuu kubwa.

Bado kuna kitu ambacho majedwali hayo hayana, nacho ni umaskini wenyewe. Uingereza wanatumia hesabu iitwayo QRISK, ambayo tangu ilipotoka mwaka 2007 inahesabu pia ufukara wa mtaa anakoishi mtu. Waligundua kwamba ukiuacha, maskini anaonekana salama kuliko alivyo, na dawa zinakwenda kwa jirani yake mwenye nacho. Uganda hatuna hesabu ya namna hiyo. Mpaka itakapopatikana, anayetathmini awe mwangalifu anaposema maskini wachache wamekutwa na hatari kubwa. Huenda jedwali ndilo halikuwaona.

Ushahidi unaogombana

Msomaji anaweza kuuliza: kwani hili halijajaribiwa? Limejaribiwa, na majibu ya kwanza yanavunja moyo. Denmark walichukua watu 59,616 wa miaka 30 hadi 60, wakawaita 11,629 kati yao kupimwa na kushauriwa juu ya chakula, sigara na mazoezi, wengine mara kadhaa ndani ya miaka mitano. Waliobaki hawakuitwa. Baada ya miaka kumi, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: hapakuwa na tofauti ya magonjwa ya moyo, kiharusi wala vifo. Kati ya walioitwa, waliofika walikuwa nusu na kidogo tu.

Wapo wanaoishika habari hiyo na kusema upimaji wote ni kupoteza fedha. Mimi sikubali, na sababu yangu iko kwenye wale 20 kati ya 264. Mdenmark tayari ana daktari wake wa familia, anapimwa presha kila anapokwenda kwa mafua, na dawa zipo. Upimaji wa ziada ulimwongezea kidogo sana. Mtu wa Tororo vijijini anaweza kufika miaka 55 bila mkono wake kufungwa mkanda hata mara moja. Maswali mawili tofauti hayawezi kupewa jibu moja.

Kwa bahati tunao ushahidi wa hapa hapa. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa SEARCH ulifanya kazi katika jamii 32 za vijijini Uganda na Kenya, magharibi na mashariki mwa Uganda zikiwemo. Walianza kwa kuhesabu watu wote nyumba kwa nyumba, ndipo wakaitisha kambi za kupima VVU, presha na sukari kwa pamoja, na wasiokuja wakafuatwa majumbani. Jamii zikagawanywa pande mbili kwa kura ya bahati nasibu. Na hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo: mwanzoni pande zote mbili zilipimwa. Kilichotofautiana ni kilichofuata. Upande mmoja wenye presha walipelekwa kwenye huduma ya kawaida ya nchi. Upande wa pili walipokelewa na kliniki yenye saa zinazobadilika, wauguzi walioongozwa kumpokea mtu kwa upole, safari chache za kurudi, na namba ya simu ya kupiga.

Baada ya miaka mitatu, presha ilidhibitiwa vizuri zaidi upande wa pili. Na kati ya wale ambao presha yao haikuwa imedhibitiwa mwanzoni, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 21. Mkanda ulikuwa ule ule. Waliookoka waliokolewa na yaliyokuja baada ya mkanda.

Mfano wa pili unahusu watoto, na kwangu ndio mzuri kuliko yote. Kuna ugonjwa wa moyo unaoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mwili unapopigana na vijidudu unajeruhi vali za moyo wake, na miaka baadaye msichana anashindwa kupanda mlima na ndoo. Ni ugonjwa wa nyumba zenye msongamano na watoto wasiofika kliniki. Huko Gulu watafiti, wakishirikiana na Taasisi ya Moyo ya Uganda, waliwapima watoto 102,200 kwa mashine ya kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Katika kipimo cha kwanza 3,327 walionekana kuwa na dalili za awali. Wataalamu walipoangalia tena, waliothibitishwa na kufaa kwa jaribio walikuwa 926. Yaani watoto wengi wangerudi nyumbani na jina la ugonjwa wasiokuwa nao kama kipimo cha kwanza kingefanywa hukumu. Watoto 916 waliingizwa kwenye jaribio, nusu wakapata sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, na 818 wakaingia kwenye hesabu ya mwisho. Waliozidiwa kati ya waliochomwa walikuwa asilimia 0.8, kati ya wasiochomwa asilimia 8.2. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021.

Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Ugumu uko kwenye kumrudisha mtoto yule yule kwenye sindano yenye maumivu kila baada ya wiki nne, mwezi wa mvua na mwezi wa mavuno. Programu ya kitaifa itakayopima mashuleni itabidi iulize pia habari za watoto walioacha shule, kwa sababu umaskini uliowatoa darasani ndio uliowaweka kwenye chumba cha watu tisa.

Mitego ya anayehesabu

Nirudi kwa mama wa mukene na pointi zake 18, kwa sababu zinaficha mtego unaowanasa hata wasomi. Ukiwachagua watu kwa sababu kipimo chao kilikuwa juu sana siku moja, wakipimwa tena wengi watashuka hata usipowafanyia lolote. Siku ya kwanza mmoja alikuwa na hofu, mwingine amepanda kilima, wa tatu kafungwa mkanda mdogo. Mradi unaolinganisha "kabla" na "baada" bila kundi la kulinganishia utaona presha imeshuka na kujipongeza kwa kazi iliyofanywa na kiti na dakika tano za kupumzika.

Dawa ya mtego huo ni kura ya bahati nasibu. Kama huwezi kuvifikia vijiji vyote mwaka huu, na hakuna anayeweza, basi andika majina ya vijiji, piga kura hadharani mbele ya wenyeviti, kipi kianze mwaka huu, kipi mwakani, kipi mwaka wa tatu. Wote watafikiwa, hakuna aliyenyimwa, na vinavyosubiri vinakuwa kipimo cha haki cha vilivyoanza. Kura pia inazuia tabia ya kuanza na kijiji cha kando ya lami kwa sababu gari linafika.

Na lazima madhara yaandikwe. Mtu kuambiwa ana presha kumbe hana, anauza mbuzi kununua vidonge. Kizunguzungu cha dawa kwa mzee anayechota maji mtoni. Muuguzi aliyetolewa kituoni Jumamosi kwenda hemani, na mama mjamzito aliyemkuta hayupo. Sijaona ripoti nyingi zenye ukurasa wa mambo hayo.

Kuna pia njia isiyohitaji foleni. Geoffrey Rose, daktari Mwingereza, alionyesha mwaka 1985 kwamba wagonjwa wengi hutoka katika kundi kubwa la watu wenye hatari ya wastani, si katika wachache wenye hatari kubwa. Ukipunguza kidogo hatari ya wote unaweza kuokoa wengi kuliko ukiwatafuta wale wachache. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku. Afrika Kusini, tangu 2016, sheria inaweka kikomo cha chumvi kwenye mkate na vyakula vingine vya kiwandani. Uganda ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2015, na moshi unaozuiwa kwenye baa unamlinda mhudumu wa baa bila kumwuliza kama ana nauli. Programu ya kupima inapoomba fedha, ilinganishwe na hatua kama hizo pia, isilinganishwe na kukaa bure tu.

Bado wale 244 wapo leo, na chumvi ya kesho haitashusha presha yao ya leo kiasi cha kutosha. Wanahitaji kupatikana na kushikwa mkono. Mlango wa karibu ni huduma za VVU, ambazo Uganda ilizijenga kwa miaka mingi kama kliniki za peke yake, zikiwa na kadi, tarehe, dawa na mtu wa kukupigia simu usipofika, hata kama mwaka 2025 serikali iliagiza ziunganishwe na huduma nyingine za kituo. Jaribio lililofanywa katika vituo 32 vya Uganda na Tanzania, matokeo yake yakatoka mwaka 2023, liliwaweka wenye VVU, presha na kisukari kwenye kliniki moja. Wenye presha walibaki kwenye matibabu, na udhibiti wa VVU haukuharibika. Kwa maoni yangu hapo ndipo shilingi ya kwanza iende, kabla ya hema jingine na fulana za kugawa.

Daftari langu jipya nimelichora upya. Kuna safu ya kijiji, ya umbali hadi kituo, ya paa la nyumba kama ni bati au nyasi, ya kipimo cha kwanza na cha pili, ya kama alifika kituoni, ya kama alipata dawa, ya presha baada ya mwaka. Ukurasa wa kushoto ni wa majina yaliyo kwenye orodha ya LC1 ya watu ambao hawakuja. Wapo ambao hata ukurasa huo hauwapati. Jioni ile ya hema, wakati tunakunja meza, dereva mmoja alishuka kwenye lori lake akaomba apimwe upesi kabla foleni haijasogea. Muuguzi akamkalisha, akamwambia anyamaze, akampima mara mbili. Zote zilikuwa juu ya 170. Nilipofika kwenye safu ya kijiji nikamwuliza, "Kaka, nikuandike wa wapi?" Akanitajia Mombasa kwa mkewe, Kampala anakoshusha mzigo, Juba anakokwenda mara mbili kwa mwezi. Karatasi yetu ya rufaa ilikuwa na jina la kituo kimoja, cha hapa Malaba. Alipoipokea, lori la mbele yake lilikuwa limeshaondoka.